Usimrudishe kijana kwao kabla hujapima mfuko wa sukari

Maswali ya wasomaji kuhusu duka, genge na biashara ndogo. Shangazi anajibu.

Shangazi, shikamoo. Nina duka la rejareja Kihonda, hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tatu. Tunauza vyakula, sabuni, soda na vitu vidogo vidogo. Kwa siku tunaingiza kati ya 180,000 na 200,000. Wateja wapo, hatukai bure. Lakini miezi minane sasa, kila nikienda kufungasha mzigo hela haitoshi. Shelfu ya juu ilikuwa imejaa. Siku hizi napanga makopo safu moja mbele ili utupu usionekane. Nikikisia, mzigo umepungua kama laki tano. Mama mkwe anasema ni chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela, na jirani kanipa ndimu niweke kwenye droo. Mume wangu anasema mwizi ni kijana wa duka, ambaye ni mpwa wake, mtoto wa dada yake kutoka Kilosa. Ana miaka 19. Anataka kumrudisha kwao mwisho wa mwezi huu. Mimi sijamwona akichukua hata peremende, ila hela haina miguu. Nifanye nini?
*Mama wa watoto wawili, Kihonda*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma usiku, na kulipokucha nikakupigia kabla hata ya chai. Wasomaji wengine wajue kwamba tuliongea karibu saa nzima, kisha ukanitumia picha za madaftari yako, na hesabu ninazozitaja hapa umeniruhusu mwenyewe kuziandika.

Naanza na ombi, kwako na kwa mume wako. Kijana asiguswe mwezi huu. Asiambiwe neno, asipekuliwe begi, dada yake mume wako asipigiwe simu. Naomba hivyo kwa sababu mimi nilishafanya hilo mnalotaka kulifanya.

Ilikuwa mwaka 2006, duka langu likiwa Mafiga. Nilikuwa na binti wa kazi kutoka Ifakara, mpole, anajua hesabu kuliko mimi. Sukari ikawa hainilipi. Nanunua mfuko, unaisha upesi, nikihesabu hela hazifiki. Nikaangalia nani yuko dukani nikiwa sipo. Ni yeye. Nikampa nauli na mshahara wa nusu mwezi, akaondoka analia, na mimi nikajiona nimeokoa duka. Mfuko uliofuata niliuuza kwa mkono wangu mwenyewe kuanzia robo ya kwanza hadi ya mwisho. Hela zikapungua vilevile.

Miezi mitano baadaye akaja mkaguzi wa Wakala wa Vipimo kukagua mizani za mtaa wetu. Yangu ilikuwa ile ya kaunta, upande mmoja sahani ya bidhaa, upande wa pili mawe. Sahani ya asili, nzito, ilikuwa imevunjika, nikaweka ya bati niliyonunua sokoni. Ilikaa vizuri, inang'aa, sikuifikiria tena. Mkaguzi akatoa mawe yote, akatazama mizani ikiinamia upande wa mawe, akaniuliza, "Mama, hii sahani umeitoa wapi?" Ilikuwa nyepesi kuliko ya zamani kwa gramu 20. Maana yake, ili sukari ilingane na jiwe la robo, ilibidi iongezeke gramu 20. Robo yangu ilikuwa gramu 270. Anayenunua kilo nzima kwa mara moja aliondoka na gramu 20 za bure, lakini anayenunua kwa robo nne aliondoka na 80, na Mafiga ya wakati ule ilikuwa mtaa wa robo.

Nilipanda basi kwenda Ifakara. Binti sikumkuta, alikuwa ameshahamia Dar es Salaam. Mama yake alinipokea, akanikaribisha mkeka, nikamweleza yote na kumwachia mshahara wa miezi mitatu. Baada ya wiki mbili binti akanipigia. Hakunitukana. Alisema, "Shangazi, nilikwambia mara mbili kwamba watoto wanatoka mpaka ng'ambo ya reli kuja kununua robo kwetu, wanasema robo ya kwetu imeshiba." Kweli aliniambia. Mimi nilisikia sifa ya duka langu.

Ndiyo maana, mwanangu, swali la kwanza nililokuuliza kwenye simu halikuwa la kijana. Nilikuuliza: mfuko mmoja wa sukari unakutolea robo ngapi? Ukanyamaza. Nikakuomba mfuko uliokuwa umeufungua siku hiyo uwekewe alama: kila robo inayofungwa, mstari mmoja kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku ya nne ukanipigia: robo 190.

Sasa tuhesabu pamoja. Mfuko wa kilo 50 umenunua kwa 135,000, bajaji imekula 2,000, jumla 137,000. Kilo 50 ni robo 200. Kwa 750 kila robo ungepata 150,000, faida 13,000. Robo 190 zimekuletea 142,500, faida 5,500. Zaidi ya nusu ya faida ya mfuko imeondoka bila mtu kufungua droo, kwa gramu 13 tu katika kila robo. Gramu 13 ni kama vijiko vitatu vidogo vya chai. Ulinieleza kuwa sukari mnafunga usiku, mmechoka, mume wako anachota na wewe unafunga, na kipimo kikizidi kidogo mnasema "mwache mteja afurahi". Kwa mifuko minane kwa mwezi, furaha hiyo ni 60,000.

Rekebisha hivi. Mfuko ukifika, uzito wake upimwe kwanza, na mahali pazuri pa kuupima ni kwa muuzaji wa jumla kabla haujapakiwa, kwa sababu ukishafika nyumbani hakuna wa kumdai. Mizani yenu ikaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo kama sheria inavyotaka. Wafanyabiashara wengi wanauona muhuri ule kama usumbufu, mimi nimejifunza kuuona kama mlinzi wangu. Kisha fungeni sukari asubuhi, mtu mmoja, bila haraka, na kila mfuko uwe na karatasi yake ya mistari. Robo 198 au 199 nitazikubali. Nyingine humwagika, na haya ni maisha.

Mafuta ya kula nayo yapimwe kwa kilo hata kama unayauza kwa lita. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo dumu la lita 20 linatakiwa liwe na mafuta ya kilo 18.4 hivi, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Chukua dumu tupu la aina ileile, lipime, andika uzito wake ukutani. Ukipokea dumu la mafuta, likipungua likawa na kilo 17.5 za mafuta, ujue umelipia lita 20 na umebeba 19. Jicho haliwezi kuona hilo, kwa sababu dumu la njano limetuna juu na hakuna anayejua mstari wa lita 20 uko wapi hasa.

Tuje nyumbani kwako, na hapa naomba usikasirike. Nilikuuliza jikoni mnapika nini na vinatoka wapi. Unga, sukari, mafuta, nyanya ya kopo, sabuni ya kufulia, chumvi, majani ya chai, vyote vinatoka dukani. Ulipoandika kwa siku saba, wastani ukawa 5,200 kwa siku. Kwa mwezi ni 156,000, inazidi mshahara wa huyo kijana. Sisemi mle mihogo. Duka ni lenu na watoto lazima wale. Ninachosema ni kwamba kila kinachovuka mlango wa nyuma kiandikwe kwenye daftari lenye jina NYUMBANI, kwa bei ya kununulia, na wewe, mume wako na kijana nyote muandike. Mwisho wa mwezi mtaamua kama duka linaweza kulisha nyumba kiasi hicho. Leo mnalishwa na duka halafu mnalishangaa kukonda.

Halafu simu. Wateja wanamlipa mume wako kwenye namba yake binafsi. Humo humo anapokea hela za ndugu, anatuma za msiba, anaweka bando. Kisha anatoa hela ili ukafungashe mzigo, na kila akitoa anakatwa ada. Ulipojumlisha makato ya mwezi mmoja kwenye ujumbe wa simu yake, yalifika 26,000. Chukueni lipa namba ya duka, iandikwe kubwa ukutani, na muulize muuzaji wenu wa jumla kama anapokea malipo kwa njia hiyohiyo. Wengi wanapokea. Hela ikitoka lipa namba yako kwenda yake, hakuna sababu ya kuipitisha kwa wakala, wala ya mtu kutembea na laki tatu kwenye bajaji.

Daftari la madeni nililiona pichani, nikaumia. "Mama Juu 4,500." "Fundi 12,000." "Yule wa bodaboda nyekundu 7,000." Hakuna tarehe hata moja. Jumla 288,000. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na daftari lako limejaa matanga yasiyo na siku. Kuanzia sasa kila deni liwe na tarehe, namba ya simu na siku ya kulipa, na mteja aone unavyoandika. Weka kikomo. Mimi kwangu kilikuwa 10,000 kwa mtu, na hapewi lingine hadi la kwanza liishe. Utapoteza wateja wawili watatu, na hao ndio waliokuwa wanakula mtaji wako.

Sasa weka yote mezani. Mauzo ya 190,000 kwa siku ni 5,700,000 kwa mwezi. Kwa bidhaa zenu, ukichanganya sukari yenye faida ndogo na vitu vidogo vyenye faida nono, tukubaliane faida ni 12 kwa kila 100 ya mauzo: 684,000. Toa kodi ya fremu 80,000, mshahara 150,000, umeme wa LUKU 90,000, usafiri wa mzigo 60,000. Inabaki 304,000. Toa sukari iliyozidishwa 60,000, jikoni 156,000, makato ya simu 26,000. Inabaki 62,000. Gawa madeni kwa miezi minane, ni 36,000 kila mwezi. Inabaki 26,000. Na hisa zako za kikoba, 10,000 kila wiki, ulikiri kwamba unazitoa kwenye droo. Hapo umeshaingia kwenye mtaji kwa 14,000 kila mwezi, miezi minane 112,000. Na katika hesabu yote hiyo sijamweka mwizi hata mmoja.

Lakini wewe unasema laki tano. Zinabaki karibu laki nne ambazo bado hatujajua ziko wapi, na sitakudanganya kwamba nimeziona. Nina mahali pawili pa kutazama kabla ya kijana.

Pa kwanza ni bei. Uliniambia hubadilishi bei mpaka mzigo wa zamani uishe, kwa sababu "huu nilinunua kwa bei ya chini". Ni huruma nzuri, na ni hatari. Kumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipoharibu uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika hata kwetu Morogoro, mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Kilo ilivuka 4,000 sehemu nyingi. Mwenye duka aliyeendelea kuuza kwa bei ya zamani aliuza upesi sana, akashangilia, akaenda kununua mfuko mwingine akakuta hela ya mfuko mzima inanunua sehemu tu ya mfuko. Kabla hujapanga bei ya leo, uliza bei ya kununulia ya leo. Nina hakika kwamba sehemu ya hizo laki nne zako iko hapa, maana sabuni na mafuta vyote umevinunua kwa bei mpya mara kadhaa mwaka huu.

Pa pili ni soda na friza. Hesabu chupa tupu. Kreti ni chupa 24. Zinazorudi zikiwa 22, mbili umezinunulia mtaa. Na friza yenyewe nilikuomba usome mita ya LUKU saa 4 usiku mkizima kila kitu isipokuwa hiyo, usome tena saa 12 asubuhi. Ilikula uniti 2.8 kwa saa nane. Kwa siku nzima ni 8.4, kwa mwezi 252, na kwa kuwa 10,000 inakupa uniti kama 28, friza peke yake inakula 90,000, yaani karibu LUKU yote unayonunua. Faida ya soda na barafu ulinitajia kuwa 45,000. Unailipa friza ikuuzie soda. Friza isiyo na ubovu ya ukubwa huo hupumzika. Yako inanguruma usiku kucha. Bana noti kwenye mlango wake, funga, kisha vuta. Ikitoka kirahisi, mpira umekufa. Yeyusha barafu iliyoganda kuta zote, isogeze mbali na ukuta wa bati unaopigwa na jua la jioni, umwite fundi abadilishe mpira. Baada ya hapo soma mita tena. Kama haijashuka chini ya uniti 4 kwa siku, izime, uuze soda za moto au usiuze kabisa.

Na sasa kijana. Chagueni bidhaa tano zinazotoka sana: sabuni ya kipande, kiberiti, majani ya chai, vocha, tambi. Jumatatu asubuhi mhesabu mkiwa watatu, yeye akiwemo. Mfano, sabuni zilikuwa 36, wiki hiyo mmenunua 48, Jumatatu inayofuata zimebaki 51. Zilizotoka ni 33. Daftari la mauzo linasema ngapi, na daftari la NYUMBANI linasema ngapi? Zikilingana, mmelala salama. Zikipungua mbili, rudieni. Zikipungua kila wiki, bidhaa ileile, mtakuwa na jambo la kuzungumza naye mkiwa na karatasi mkononi, mkae naye kama mtoto wenu. Mpeni yeye kalamu ya kuhesabu. Binti wangu angeshika kalamu ile 2006, mizani ingegundulika mwezi wa kwanza.

Kuhusu chuma ulete, sitabishana na mama mkwe wako. Ni mtu mzima, na anaona duka la mwanawe linapukutika na hajui kwa nini. Hofu yake naielewa. Mheshimu, ndimu iache kwenye droo kama inampa amani. Ila karatasi ya mistari ya sukari ibandike palepale juu ya droo.

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo. Kila siku napika mchele kilo 5, sahani ya wali maharage na mboga nauza 2,000. Sufuria inaisha kila siku, lakini nikitoa ya mchele, mkaa na wasaidizi wawili nabaki na hela ya nauli tu. Je, nipandishe bei?
*Mpishi, Dodoma*

Usipandishe kwanza, mdogo wangu. Uliniandikia kwamba kilo 5 zinakupa sahani 33. Mchele wa gramu 125 mbichi unatosha sahani ya mtu mzima aliyefanya kazi, yaani kilo moja sahani 8, kilo 5 sahani 40. Sahani saba hazionekani. Ni 14,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 364,000. Sijui mama lishe anayeweza kuachia hela hiyo akalala.

Ziko wapi? Nyingine ziko kwenye mkono. Unapakua kwa mwiko, na mwiko hauna kipimo: fundi ujenzi mnayetaniana naye anapata mlima, dada wa ofisini anapata kilima. Tafuta bakuli moja, jaza wali, usawazishe juu, upindue kwenye sahani. Wote wanapata sawa, na mwenye njaa zaidi anaongeza nusu bakuli kwa 500. Wasaidizi wako wafundishe bakuli hilohilo, maana ukienda kuchota maji mkono wao ndio unaofanya biashara yako.

Nyingine ziko chini ya sufuria. Ukoko. Niliwahi kumkuta rafiki yangu anakwangua ukoko wa sufuria kubwa na kuupeleka kwa kuku wa jirani, nikamwomba tuupime: ulitosha sahani tatu. Sufuria yenye kitako chembamba juu ya mkaa mwingi hufanya hivyo. Wali ukikauka maji, punguza makaa chini, uyahamishie juu ya mfuniko, ujiivie taratibu. Ukoko wa rangi ya dhahabu wapo wanaoupenda, uweke sahanini. Ule mweusi ni mchele uliouchoma kwa hela yako.

Nyingine wanakula wasaidizi na watoto wanaotoka shule. Ni haki yao kula. Zihesabu tu: kama ni sahani nne kila siku, basi ni sehemu ya mshahara wao na matumizi ya nyumba yako, ziandikwe hivyo, usizitafute kwenye faida.

Mkaa nao uutazame. Uliandika unanunua kwa ndoo kila asubuhi. Weka akiba kidogo kila siku ununue gunia, uulize bei ya gunia halafu ugawe kwa idadi ya ndoo zinazotoka humo, utaona tofauti mwenyewe. Na saa 9 alasiri ukimaliza kupakua, usiache jiko likijiwakia bila sufuria. Yale makaa yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana, yatazimika kwa kukosa hewa, kesho yatashika moto haraka kuliko mapya. Mfuniko ukae mpaka yapoe kabisa, na ndoo isiwe karibu na watoto.

Fanya hivyo wiki mbili, kisha niandikie idadi ya sahani. Zikifika 38 na bado unabaki na nauli tu, hapo tutazungumza kuhusu bei.

Shangazi, shikamoo. Nafanya uwakala wa pesa Geita. Kamisheni ni nzuri, kama 210,000 kwa mwezi, naitumia kwa kodi na chakula. Nilianza na mtaji wa 2,000,000. Baada ya miezi minne nimejumlisha taslimu na floti, yaani hela iliyo kwenye simu, nimepata 1,740,000. Hakuna aliyeniibia. Zimeenda wapi?
*Kijana wa kibanda, Geita*

Marahaba, mwanangu. Zimepungua 260,000 kwa miezi minne, yaani 65,000 kila mwezi. Kwa hiyo kazi yako inakupa 145,000, na wewe unaishi kama mtu wa 210,000. Hilo ulijue leo.

Uwakala una jambo moja zuri ambalo muuza sukari hana: hesabu yako inaweza kufungwa kila jioni kwa dakika tano. Taslimu ya kwenye droo, ongeza floti ya kila mtandao, lazima ipatikane jumla ileile ya mtaji, kwako sasa 1,740,000, asubuhi na jioni, kila siku. Mteja akiweka, taslimu inapanda na floti inashuka, akitoa, kinyume chake, jumla haitikisiki. Wewe umekaa miezi minne bila kujumlisha, ndiyo maana hukumbuki. Najua baadhi ya majibu bila kukuuliza: bodaboda za kufuata floti mjini, chai na chapati kutoka droo ileile, jamaa aliyesema "nitumie elfu kumi nakuletea jioni", na pengine muamala mmoja uliotuma kwa namba isiyo ya mteja kwa sababu ya foleni.

Nunua daftari la 1,000. Asubuhi andika taslimu, floti, jumla. Jioni vilevile. Hela ya chakula na bodaboda itoke kwenye mfuko wako wa suruali, na uirudishie kwa kamisheni ikiingia. Kabla ya kubonyeza kutuma, mtajie mteja namba kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na umsubiri aitikie jina. Jumla ya jioni ikipungua hata 500, usifunge kibanda kwanza: kaa chini, fungua ujumbe wa miamala ya siku hiyo, anza na wa mwisho, rudi nyuma mmoja mmoja hadi uukute.